Kompyuta ya Baba Mkwe Yenye Kitambaa

Mdomo wangu ndio adui yangu wa kwanza. Siku fundi alipomaliza kuweka programu mpya kwenye kompyuta ya steshenari yangu, hapa Magomeni mjini Kilosa, nilitangaza mtaa mzima. Nikampigia simu hadi baba mkwe kule Mikumi. Yeye ni Mvidunda, kama binti yake niliyemwoa, karani mstaafu, na ana kompyuta ya enzi za mwaka arobaini na saba anayoifunika kwa kitambaa cha kudarizi kama kochi la wageni. Nikamshauri, kwa heshima zote, awauzie wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu," akanijibu. Nilipokata simu nilicheka peke yangu dukani.

Wiki haikuisha, akaingia mama mmoja wa Vidunda, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, flashi kaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akanieleza shida yake. Kwenye flashi mlikuwa na nyimbo zao zote za Kividunda, zilizochapwa miaka mingi nyuma na mwalimu ambaye sasa ni marehemu. Vitabu vya kwanza vilishaliwa na mchwa. Jumapili kwaya ilikuwa na jubilei pale Mikumi, naye alitaka kila atakayeingia kanisani awe na kitabu mkononi.

"Hapa umefika, mama," nikasema, nikachomeka flashi.

Lahaula! Vijisanduku vitupu, skrini nzima. Nikazima, nikawasha, vijisanduku vilevile. Fundi akaniambia kwa simu kwamba faili ni la zamani mno, programu mpya hailitambui, na ile ya zamani keshaifuta. Nilimpa maneno yake, ambayo sitayaandika hapa. Tukajaribu mama aimbe mimi nichape, lakini mimi Kividunda nimekiolea tu, sikijui. Hadi mchana tulikuwa na ubeti mmoja, nao alipousoma alitikisa kichwa.

"Basi zitakufa na sisi," akasema, machozi yakimlengalenga. Roho iliniuma kweli.

Kompyuta yenye programu ile ya zamani niliijua moja tu.

Kesho yake nikapanda basi la Mikumi, flashi ya mama na sukari ya ukweni mkobani. Nilipofika nikapiga goti hadi chini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawajambo?"

Angekuwa shangazi yangu tungepimana maneno palepale. Lakini ukweni, thubutu! Nikainamisha kichwa, nikacheka na sakafu. Mzee akaagiza chai, akanihubiria habari za vitu vya kale hadi chai ikaisha, ndipo akakikunja kile kitambaa pembe kwa pembe na kuiwasha mashine. Iliguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo.

Nyimbo zikatokea, zote, herufi kwa herufi! Nikapiga vigelegele, nikasahau kabisa niko wapi. Mzee alicheka hadi akakohoa. Akazihifadhi upya kwa namna ambayo mashine yangu inaielewa, nami nikarudi Kilosa kuchapa na kufunga vitabu mpaka mgongo ukauma.

Jumapili nikavigawa mwenyewe mlangoni mwa kanisa. Kwaya ikasimama, akina mama wa Vidunda wakaimba macho mbele, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyefungua kitabu. Hata mmoja! Hasira zikanipanda, na wakati wa mapumziko nikamfuata kiongozi wao pale nje.

"Mama, mlikuwa mnazijua zote, mgongo wangu mlikuwa mnautakia nini?"

Akacheka, akanishika mkono. "Sisi tunazijua, mwanangu. Wanetu ndio hawazijui, na ninyi mliotuolea wanetu. Hivyo vitabu ni vyenu."

Nikarudi ndani. Wimbo ulipoanza nilifungua kitabu changu nikaimba kwa sauti, na baba mkwe, aliyekuwa benchi la nyuma yangu, akainama kunisahihisha neno la kwanza.