Kiyidishi Changu Kanisani Nakivale

Dada yangu Furaha alinipigia simu Nyamitanga, Mbarara, ninakoishi tangu nirudi kutoka Antwerp, Ubelgiji. "Yaya," akaniita, yaani kaka mkubwa, "tangu mama apooze, Kiswahili ilimutoka yote. Anabakiya na Kifuliiru tu."

Nina diploma ya uokaji mikate, gari langu mwenyewe na lugha tano. Kifuliiru, lugha ya wazazi wangu kutoka Kongo, hakimo; nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa Kiswahili. Nikafunga safari kumwona mama ambaye nisingeweza kuzungumza naye.

Saa mbili asubuhi, Jumapili, nikaondoka. Huko Masha ng'ombe wa pembe ndefu walivuka barabara polepole, bila kujali gari wala diploma.

Saa nne nilifika Nakivale. Mama alikuwa kanisani, kwenye kiti cha mbele. Alinishika mkono, akasema maneno mengi. Nikatabasamu kama mgeni.

Mchungaji aliniomba nisalimie watu. Sikuhitaji kubembelezwa. Niliwaeleza juu ya Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya niliyojifunza kwenye tanuri la tajiri wangu huko Antwerp: jinsi wasemaji wake walivyouawa kwa mamilioni, na wajukuu wa walionusurika wakahamia lugha za nchi walizokimbilia. Ila kwa Wayahudi wacha Mungu wa mtaa wangu wa huko, watoto bado wanatukanana kwa Kiyidishi. Nikawaonjesha kidogo: "Dos broyt brent shoyn, nem es aroys."

"Amina," kanisa likaitika. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, macho kafumba, akafasiri kana kwamba nimenena kwa lugha: "Bwana anasema mukate inakuya. Musiogope njala."

Nilikuwa nimesema mkate unaungua, utoe. Sikumsahihisha, posho yao ilikuwa imepunguzwa, na mkate wake ulipokelewa vizuri kuliko wangu.

Saa nane, nyumbani kwa Furaha, mama, ambaye Furaha alikuwa amemfasiria maneno yangu kanisani, akauliza jambo. Furaha akafasiri: "Anauliza, bale Bayahudi, nani anafundishaka batoto babo?"

"Mwambie ni mama zao, jikoni. Wenyewe huiita lugha ya mama."

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akanena tena.

"Anasema ulikuwa unakimbiaka jiko yake kwenda kucheza mupira. Sasa ikala chini."

Nikakaa kwenye kigoda, na suruali yangu ya Ulaya. Mama akaonyesha kikombe, akataja maji kwa Kifuliiru. Nikarudia. Akakataa. Nikarudia mara ya nane, tisa, mpaka akaacha kutikisa kichwa. Kisha akanywa. Hilo ndilo neno la kwanza tulilosemezana tangu apooze, na sikuhitaji mfasiri.

Saa moja jioni nilikuwa nimerudi Nyamitanga. Nimejifunza lugha za watu wengi na kuzisifia. Ya mama nimeianza nikiwa na mvi. Nikamwita binti yangu, nikaomba maji kwa neno lile lile.

"Baba," akasema, "hicho ni Kiyidishi?"

"Hapana. Njoo jikoni."