Kioo Changu Kwenye Lori la Baba Mkwe

Sheria ya kukagua magari ilipokazwa, wa kwanza kuijua walikuwa watu wasio na magari. Sisi wenye lori tuliisikia sokoni, kwa muuza maharage ambaye hata baiskeli hakuwa nayo, naye aliitangaza kwa raha zake zote.

"Mama, mmesikia? Sasa gari isiyopita kwa mkaguzi haitembei. Na mkaguzi anakaa Iringa!"

Sisi tulikaa Iyunga, huku Mbeya. Yaani lori lisiloruhusiwa kutembea litembee barabara yote ile mpaka Iringa, likaombe ruhusa ya kutembea. Mimi shule niliichungulia dirishani tu, lakini hilo lilinishinda. Nikamuuliza mume wangu. Akasema serikali haiulizwi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza bado wako, na kweli haikuulizwa. Iliitikiwa tu, "Ndiyo, bwana."

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la muuza maharage na la mama yake. Siyataji, maana wana wajukuu na wajukuu wa siku hizi wana maneno. La baba mkwe ndilo kabisa, hata nikilazimishwa ulimi unagoma. Kwetu Unyakyusa mkamwana hataji jina la baba mkwe wake. Hamsemeshi. Hamwangalii, wala yeye hamwangalii mkamwana. Mkikutana njiani unaingia migombani, unajifunika nguo mpaka apite. Mchungaji alihubiri kwamba hayo ni mambo ya giza. Baba mkwe, mzee wa kanisa, aliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote, kisha akitoka ibadani anakohoa kwa nguvu ili niwahi kujificha.

Lori lilikuwa lake. Alilinunua likiwa kuukuu kwa mzungu wa machimbo ya Chunya, dhahabu ilipomkimbia. Udereva alijifunza jeshini, vitani Bama. Mlango wa kushoto tuliufunga kwa kamba. Breki ya mguu ilishika ukiikanyaga na kuikanyaga tena, kama unayemwamsha mlevi. Breki ya mkono ilikuwa pambo. Tukisimama kwenye mteremko mume wangu anaruka chini, anavuta gogo la mkaratusi, analisukumia nyuma ya gurudumu, ndipo baba mkwe anaachia pedali. Gogo hilo lilikaa nyuma, karibu na miguu yangu, na nililiheshimu kuliko injini.

Na kioo cha kutazama nyuma hatukuwa nacho. Kilikuwepo lori lilipokuja. Ila mimi nilipoolewa nikawa napanda nyuma, juu ya mizigo, na siku ya kwanza baba mkwe aliinua macho kwenye kile kioo akakuta mkamwana wake mzima mzima. Nusura atuingize mtoni. Siku ileile alikibandua akakitupa. Watu wa mtaani walimsifu kwa adabu. Hakuna aliyemuuliza atajuaje kinachokuja nyuma. Kinachokuja nyuma si kitapita mbele, mtakiona!

Basi safari ya Iringa ilipopangwa, baba mkwe alimwita mwanawe uani, nami nyuma ya ukuta wa jiko nikasikia.

"Lori likizuiwa, hapa hakuna kazi ya watu wawili. Utarudi Joni."

Joni ni Johannesburg, kwenye migodi. Mume wangu ndio kwanza alikuwa ametoka huko. Nilishakaa misimu ya mpunga nikiwa mke wa kungoja begi lake tu, na wapo wenzangu ambao hata begi halikurudi. Nikasema moyoni, lori hili litapita hata kama nitalibeba mgongoni. Mama mkwe alipotafuta wa kwenda kuwapikia njiani, nilikuwa nimeshafunga sufuria.

Iringa tulikuta uwanja umejaa. Kila mwenye gari alikuwa amevaa nguo za Krismasi. Mfanyabiashara mmoja, Mswahili wa pwani mwenye kanzu nyeupe, alikuwa amelipaka gari lake rangi mpya, na aliyeliegemea aliondoka na rangi mgongoni. Mkulima wa Kilolo alikuja na pikapu iliyooshwa mpaka matairi yanang'aa, na matairi yenyewe yalikuwa vipara kama kichwa cha mtoto.

Mkaguzi alikuwa mzungu kijana, soksi nyeupe mpaka magotini, na karatasi kwenye kibao. Macho yake hayakutoka kwenye karatasi. Pikapu ya Kilolo aliipitisha, maana karatasi iliuliza kama matairi yapo, na yalikuwepo. Gari la mwenye kanzu alilikataa kwa sababu honi yake ililia kama mbuzi.

"Bwana," mwenye kanzu akamwambia, "hata mbuzi akilia mtu husogea."

"Hapana mbuzi. Honi."

Ikafika zamu yetu. Mimi nilijilaza nyuma kati ya mikungu ya ndizi, nguo kichwani, nikichungulia kwenye upenyo wa mbao.

"Breki ya mkono?"

Baba mkwe akavuta mkono wa breki. Alikuwa ameupaka mafuta asubuhi, ukatoa mlio mzuri sana. Lori halikusogea. Lingesogea kwenda wapi? Uwanja ulikuwa tambarare kama meza, lisingesogea hata kwa maombi. Mkaguzi akatia alama.

"Kioo ya nyuma iko wapi?"

Baba mkwe, aliyepigana Bama, akaangalia viatu vyake. Atamwambiaje mzungu kwamba mke wa mwanawe hukaa nyuma? Mume wangu akajitosa.

"Bwana, tulikitoa kwa sababu ya mke wangu."

"Mke wako navunja kioo?"

"Hapana, bwana. Mzee huyu hapaswi kumwona."

"Mke wako mgonjwa?"

"Mzima, bwana. Ni mkwe wake."

Mkaguzi akatafuta kwenye karatasi mahali pa kuandika mkwe. Hapakuwepo. "Hapana kioo, hapana ruhusa," akasema. "Mimi nafunga kazi saa kumi."

Mume wangu akaja nyuma ya lori, uso umemshuka. Niliiona Joni machoni mwake, na treni, na lile begi. Ndani ya fungu langu la nguo nilikuwa na kioo alichoniletea kutoka hukohuko, cha fremu nyekundu, kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wenzangu walikuja kukiomba wajitazamie. Nikamkabidhi.

Wakakifunga kwa waya juu ya mlango wa dereva. Mkaguzi akarudi, akakitazama kioo, akajirekebisha nywele, akatia sahihi. Kwa hiyo nisiyepaswa kuonekana ndiye niliyetoa kitu cha kunionyesha, na serikali ikaridhika.

Baba mkwe hakuridhika. Tulipouacha mji alisimama, akavua kofia yake ya jeshi, akakivika kioo.

"Tata," mume wangu akamwambia baba yake, "si tumeambiwa kiwepo?"

"Kipo. Nani amesema nikitazame?"

Tukalala njiani kwa ndugu. Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa tumeipita Nyololo, milima inapanda na kushuka, vumbi linapanda tu. Mimi nyuma nikaona gari dogo la wazi, lisilo na milango, limetufuata. Nikaona limekaza mwendo. Halafu nikaona soksi. Mkaguzi wetu! Bunduki ubavuni, anashuka zake Usangu kuwinda kanga, na anapiga honi apishwe. Honi yake haikulia kama mbuzi, ila injini yetu ilinguruma kuliko honi zote za Iringa, na kioo cha kumwona kilikuwa kimevaa kofia. Alikula vumbi letu kilima baada ya kilima. Zile soksi zilianza nyeupe, zikawa za kahawia, zikawa rangi ya barabara.

Nami sikucheka. Akitupita na kuona kioo kimefunikwa, atachukua karatasi yake, na mume wangu atachukua begi lake. Ningegonga bati wasimame, wangesimama kofia ikiwa palepale. Kumwita baba mkwe siwezi. Basi nikasogea mpaka kwenye upenyo ulio nyuma ya kichwa cha mume wangu, nikaimba. Nilichukua sauti ya wimbo wa kanisani nikaupachika maneno yangu kwa Kinyakyusa, nikielekeza upande wa mume wangu: yule wa soksi yuko nyuma yetu, ee mume wangu, kioo kivuliwe kofia.

Ubeti wa pili haukufika. Mkono wa mume wangu ulipita mbele ya baba yake ukatoka dirishani, kofia ikaruka, kioo kikamulika. Mimi nikajitupa chini ya majani ya migomba, na baba mkwe akaona alichotakiwa kukiona tangu mwanzo. Akasimamisha lori. Akalisimamisha katikati ya mlima.

Mkaguzi akashuka, mwekundu kwa hasira na kwa vumbi, akaja nyuma ya lori. Baba mkwe naye, kwa heshima za jeshi, akateremka kumpigia saluti. Mume wangu alikuwa bado anahangaika na kamba ya mlango wa kushoto. Pedali ikabaki peke yake.

Lori likaanza kurudi nyuma. Polepole, kama ng'ombe anayesita. Nyuma yake mkaguzi, na nyuma ya mkaguzi gari lake.

Nikainuka. Nguo yangu kichwani mpaka kiunoni, sioni vizuri, naonekana kama gunia lililofufuka. Nikalisukuma gogo likaanguka miguuni pa mkaguzi, nikapiga kelele ambazo hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kumpigia mzungu:

"Weka! Weka, wewe! Nyuma ya gurudumu! Unangoja karatasi?"

Akaweka. Alipiga magoti kwenye vumbi akalisukumia gogo mahali pake kwa mikono miwili. Lori likaegemea, likaguna, likatulia.

Akabaki pale chini akilitazama gurudumu. Baba mkwe akafika, akaliangalia gogo kwanza, kisha mtu.

"Asante, bwana. Umeliweka vizuri. Kijana wangu huwa analipindisha."

Mkaguzi akainuka, akapangusa magoti. Akaangalia kioo changu kinachong'aa, akaangalia gogo. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka karatasi, na alama aliyotia jana mbele ya breki ya mkono, na sahihi ya nani iko chini yake. Akilizuia lori, ataandika nini? Kwamba breki alizozipitisha yeye amezishikilia mwenyewe kwa magoti?

"Kwenda," akasema. "Kwenda polepole."

"Ndiyo, bwana," tukaitikia sote, hata mimi ndani ya nguo.

Akatupita, akaenda kwa kanga wake. Natumaini walimwona mapema.

Breki ya mkono ilitengenezwa wiki ileile. Hakuna sheria iliyodai. Baba mkwe alilala chini ya lori mwenyewe, kwa sababu, alimwambia mama mkwe, aliona kwa macho yake lori likitaka kuua mtu, na mtu huyo hata hakuwa ndugu. Kuhusu gunia lililopiga kelele hakusema kitu. Hakuliona. Ila mwaka ule zawadi ya Krismasi iliyopitia kwa mama mkwe kuja kwangu ilikuwa kitenge kirefu kuliko vyote vya nyumba ile, cha kutosha kujifunika mara mbili.

Mume wangu hakurudi Joni. Nilizaa naye watoto, na wote wamepanda lori lile.

Kioo changu nilikidai. Nilikidai mwaka ule na mwaka uliofuata. Mume wangu alinijibu kila mara kwamba hakiwezi kubanduka, sasa ni cha serikali. Kikakaa juu ya mlango, kofia juu yake, ikivuliwa siku za ukaguzi tu. Nami nikaendelea kuchana nywele zangu kwa kutazama kwenye beseni la maji.