Mitalawanda ya Mama

Mama haingii bafuni bila mitalawanda yake, vile viatu vya mti vyenye kigingi cha kubana kwa vidole. Tangu utoto wangu hapa Malindi nilijua anaoga kwa kusikia ko, ko, ko kwenye sakafu. Nilipomwekea shawa ya umeme, vigae vipya na tangi jeusi juu ya paa, viatu hivyo vikaanza kunikera. Nilimwambia vimepitwa na wakati. Akaendelea kuvivaa.

Fundi alitaka kwanza afunge waya wa kushusha ardhini umeme ukivuja. Mimi mtu wa pupa, nilikuwa na haraka ya kurudi kazini Kilifi. Nikamwambia, "Wewe iwashe, waya utaufunga siku nyingine." Siku hiyo haikuja.

Kisha mfereji wa maji ya mji ukakauka, kama ada yake. Mama akafanya wanavyofanya majirani wote: akalijaza tangi kwa maji ya kisima cha uani, yenye chumvi. Hakuniambia, kwani hilo kwetu si jambo la kumpigia mtu simu.

Ijumaa moja nimekuja kumtazama, tunakunywa chai, akaniambia, "Mwanangu, maji yako yana dawa. Nikishika bomba, ganzi yanitambaa vidoleni mpaka kiwikoni. Hii baridi yabisi itatoka."

Nilicheka. Naona aibu kuandika kwamba nilicheka, tena nikajisifu kwa shawa yangu.

Alipotoka kwenda kwa jirani, nilisugua bafu. Mitalawanda ilikuwa imeingia weusi, mmoja una ufa. Nikaifunga kwenye gazeti, nikaitupa jaani mwisho wa kichochoro. Nilisema moyoni nitamnunulia ndara za mpira nikipita dukani.

Nilianzia kwa yule mzee wa Kihindi aliyeniuzia shawa, maana bomba lilikuwa linavuja.

"Na huu ukame wa mfereji, tangini mwatia maji gani?" aliniuliza.

"Ya kisima, bila shaka, kama majirani wote."

Akaacha kutafuta alichokuwa akitafuta. "Shawa ile ni ya maji matamu, binti. Maji ya chumvi yapitisha umeme. Waya wa ardhini mlifunga?"

Nikakumbuka vidole vya Mama. Halafu nikakumbuka miguu yake. Muda wote ule kati yake na sakafu iliyolowa palikuwa na vipande viwili vya mti, nami nilikuwa nimevitupa asubuhi hiyo hiyo. Na sasa ilikuwa karibu saa sita, na Ijumaa Mama huoga kabla ya adhuhuri.

Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena huku nakimbia, buibui nimelikunja mkononi, watu wananiuliza kuna nini.

Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa bafu umerudishwa, taa ya shawa nyekundu inawaka. Nilizima swichi kuu, nikaita, "Mama!" Hakuitika. Nikaita tena. Nikausukuma mlango kwa goti.

Sakafu ilikuwa kavu.

Nilimkuta chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga kifuani, sabuni mkononi, amenuna.

"Nakusikia waniita. Mitalawanda yangu umeiweka wapi?" akasema. "Nimeitafuta nyumba nzima. Mtu aingia bafuni miguu mitupu?"

Nilimwambia asiguse bomba. Kisha nikaenda jaani, nikapiga magoti kwenye maganda na majivu, nikafukua kwa mikono miwili huku nalia.