Kiumbe Aliyekataa Kufa

Majani makavu ya migomba yakilowa mvua hutoa harufu ya uchachu, na kila nikiisikia hasira hunipanda mpaka leo. Ndiyo yaliyokuwa mavazi yangu ya vita. Nilipokuwa darasa la nne, kibanda cha video cha mtaa wa Bulyaga kilionyesha filamu moja msimu mzima wa mvua: wanajeshi wamejaa vumbi na damu, wanapigana nyumba kwa nyumba na viumbe walioshuka kutoka angani kuipora dunia. Jumapili baada ya ibada tuliirudia filamu nzima kwenye migomba ya baba yangu, pale Msasani ya Tukuyu. Watoto wa maofisa waliohamishiwa Tukuyu, kwa kuwa walikuwa na viatu, walikuwa wanajeshi. Sisi watoto wa wakulima tulipakwa matope meusi, tukafungwa majani makavu kiunoni, tukawa viumbe. Niliijua filamu ile kuliko wote. Mimi ndiye niliyewakumbusha nani anafuata kufa. Lakini kila nilipoomba kuwa mwanajeshi, japo mara moja tu, Dani, mtoto wa ofisa mmoja, alicheka. "Mwanajeshi pekupeku umemwona wapi, wewe? Kapake matope."

Jumapili moja alinielekezea bunduki yake ya uti wa jani la mgomba, akapiga risasi kwa mdomo. Nikakataa kuanguka. Akapiga tena. Nikabaki nimesimama.

"Kufa basi, unaharibu mchezo."

Nikamjibu kwamba shamba ni la baba yangu, wao ndio waliokuja. Akanisukuma, nikampiga ngumi, pua yake ikatoka damu. Jioni ile mama alikata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote shambani, akajitwika, akanikokota mpaka nyumbani kwa ofisa. Alipiga magoti sebuleni, kwa heshima ya kwetu, akaomba radhi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza huku akirudia ndaga, ndaga, asante yetu ya Kinyakyusa. Mke wa ofisa hakumwambia anyanyuke. Alimwambia aangalie matope yasiingie kwenye zulia. Nami nikaamriwa kusema nimekosa, nikasema. Sikuwa nimekosa, na hata leo sijakosa.

Sasa nina stashahada ya umeme, niliyoisotea Dar es Salaam bila mjomba wa kunishika mkono, na nyumba niliyorudi kuijenga hapa Ibighi ina zulia pana kuliko lile. Mama yangu hukaa kwenye kochi la katikati, atake asitake. Nilidhani nimemaliza. Juzi mwanangu aliingia na viatu vyake vyeupe, akajisifu kwamba wanaigiza filamu waliyoiona kwenye simu, ya majeshi na viumbe wa angani, na yeye ndiye kapteni. Nikamuuliza viumbe ni nani.

"Wale wa kule bondeni, baba. Si hawana viatu."

Nilimvua viatu kwa mikono yangu, nikamtoa nje mvuani, nikamwonyesha matope yalipo. Nikamwambia aende akawe kiumbe, na wenzake wakimpiga risasi aanguke. Alilia. Mama akaanza kuinuka kwenye kochi ili amwombee radhi mjukuu wake.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Leo huombi wewe."