Mawe ya Baharini Niliyoyanusa Guta

Mjukuu wangu wa kike ni mwalimu wa baiolojia Musoma, na nikilisema hilo nanyoosha mgongo. Mimi niliishia darasa la tatu nikaenda kuchunga ndama. Yeye amesoma hadi anawafundisha watoto wa wenzake samaki anapumuaje.

Wanafunzi wake wanajua sato, sangara na dagaa, basi. Akataka waone samaki wa baharini. Akapata tangi la kioo, akaliweka juu ya meza darasani, akakoroga chumvi maalumu ndani ya maji. Niliposikia nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Watu tumezungukwa na maji matamu, yeye anayatia chumvi!

Samaki wa kwanza walikuwa watatu. Walikufa wiki ileile. Mkuu wa shule akamwambia, wakifa tena, meza inarudi stoo.

Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Butiama kutibiwa mtoto wa jicho, nikafikia kwake Mwisenge, jicho moja limefungwa bandeji. Nikamkuta amekonda. Kutwa kucha yuko kwenye simu anasoma habari za kuchuja maji.

"We mke mwenza," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu babu yake yuko hai, "samaki watatu tu ndio wanakuliza hivi?"

"Bibi, niliwaua mimi. Samaki anakojoa mlemle anamoishi, na mkojo unageuka sumu. Kuna vijidudu vya kuila hiyo sumu, havionekani kwa macho. Nilitia samaki kabla vijidudu havijakuwepo."

"Viite basi."

"Haviitwi. Vinataka nyumba."

Akanieleza hizo nyumba. Kuna sponji ndani ya kiboksi, maji yanapita humo. Kuna vimpira vya plastiki vyenye matundu. Na kuna mawe ya baharini yaliyokwisha kukaa kwenye tangi la zamani, yanakuja na wapangaji wake ndani. Alikuwa ameshindwa kuchagua. Sponji ukiiosha vibaya umewaosha na wapangaji. Vimpira vinashika uchafu, na vikiwa vipya ni vitupu, unangoja wiki na wiki.

Nikamwambia hicho ni kibuyu cha mgando.

Lazima niseme kwamba tangu aende chuo huyu mtoto alikataa maziwa yangu ya mgando. "Bibi, hicho kibuyu unakioshaga lini?" Mbele ya wageni! Sasa zamu yangu ilikuwa imefika.

"Kibuyu kipya hakigandishi," nikasema. "Ukikitia maziwa siku ya kwanza yanaoza tu. Unakianza na mgando wa kibuyu kizee, hata kama ni cha jirani. Na ukikisugua kwa sabuni umekiua. Chukua mawe yenye wapangaji."

Akaiweka simu chini. Halafu akacheka, kicheko cha kwanza tangu nifike. "Mke mwenza, hicho ndicho nilichosomea miaka mitatu."

Kuna fundi mmoja alikuwa akitunza samaki kwenye hoteli Mwanza. Tangi la pale lilivunjwa, akabaki na mawe, na wakati huo alikuwa likizo kwao Guta. Mjukuu alitaka aende peke yake. Nikamwambia jicho ndilo limefungwa, miguu haijafungwa. Tukapanda basi hadi Bunda, tukachukua bajaji.

Fundi akatuamkia vizuri, akatutolea ndoo mbili za maji ya chumvi. Ya kwanza ilikuwa na mawe madogo, mabaya, kama mifupa iliyotoka jikoni. Ya pili ilikuwa na jiwe moja kubwa la zambarau, lina tundu katikati kama mlango wa nyumba. Mjukuu wangu akalishika kama mtu anayeshika mtoto mchanga.

Mimi nikainama nikanusa. Yale madogo yalinuka kama ufukweni asubuhi baada ya mvua. Nikanusa lile zuri.

"Hili lina maiti ndani," nikasema.

"Aa, bibi," fundi akasema, "bahari yote inanuka."

"Baba, leo nina jicho moja, lakini matundu ya pua ninayo mawili. Hili ni yai viza."

Mjukuu akaniangalia, akaliangalia jiwe. Nilijua analitaka, lile ndilo wanafunzi wangelishangaa. Mwisho akasema tutayabeba yote, ila kubwa litakaa ndoo yake peke yake, uani, mpaka alipime.

Ana dawa yake ya matone ya kupimia maji. Maji yakiwa njano ni mazima, yakigeuka kijani yana sumu. Yale madogo aliyatia kwenye tangi, akawa anadondosha chembe za chakula cha samaki zioze makusudi, vile vijidudu vipate cha kula. Siku zikapita, maji ya tangi njano. Maji ya ile ndoo yakawa kijani kama majani ya mgomba. Akalipasua jiwe kwa nyundo. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kimeoza, sijui ni mnyama gani wa huko. Akaiweka nyundo chini, akavifagia vipande. Na mimi, kwa mara moja maishani, sikujisifu.

Ndipo akaleta samaki wawili, wa rangi ya chungwa, wana mikanda myeupe. Jicho langu lilikuwa limekwisha kufunguliwa na daktari alishaniruhusu kurudi Butiama. Nikadanganya kwamba bado linawasha. Kila jioni akirudi nilikuwa namtazama uso kabla hajafungua mdomo.

Siku ya nane alinipeleka shuleni. Samaki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye vitundu vya yale mawe mabaya, wananona. Mkuu wa shule akaja, akakaa akiwatazama muda mrefu kuliko wanafunzi wenyewe, akasema meza ibaki. Mtoto mmoja akauliza nani alichagua mawe. Mjukuu wangu akaninyooshea kidole mbele ya darasa zima, nikarekebisha kanga yangu.

Jioni, nyumbani, akakishusha kibuyu changu nilichokuja nacho. Akamimina kikombe cha mgando. Akakinusa kwanza, polepole. Nikamwacha anuse.