Besi ya Baba wa Bibi Harusi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Mtu aliyeanza maisha kwa kusukuma toroli hapa mpakani Tunduma, na leo ana duka la spea za malori lenye milango mitatu, utamshangaza na nini? Nimeona shehena moja ya mahindi ikiuzwa mara mbili kwa siku moja, na kila mnunuzi ana karatasi yenye muhuri. Nimeona mtu akivushwa mpaka akiwa ndani ya jeneza huku anakohoa. Shule niliishia darasa la nne kule Iyula, baba alipoona mikono yangu inafaa zaidi kwenye kahawa kuliko kwenye kalamu, na sijawahi kumwomba radhi msomi yeyote kwa hilo. Gitaa la besi nalo nilijifundisha mwenyewe, kwanza kwenye kwaya ya kanisani, halafu kwenye bendi ya baa iliyowapigia madereva rumba. Hakuna aliyenishika kidole akaniambia weka hapa.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu aliponiambia kuna wimbo siwezi kuupiga, nilicheka.

Huyu mzazi mwenzangu ni baba wa kijana aliyemchumbia binti yangu. Anakaa Nakonde, upande wa Zambia, mwendo wa miguu kutoka dukani kwangu. Miaka yake ya nguvu aliimaliza chini ya ardhi, akichimba shaba. Tumetaniana tangu siku ya kwanza alipoleta posa. Yeye ananiita mkulima, mimi namwita panya. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati ya harusi, tulichokifanya kwenye ukumbi kulekule kwao, alisema haombi ng'ombe wala suti. Anaomba wimbo mmoja tu upigwe siku ya sherehe: roki ya kwao ya miaka ya sabini, enzi za suruali za bugaluu na magitaa yanayokwaruza kama msumeno. Alisema kila baa ya wachimbaji ilikuwa nao. Kisha akaongeza, akiniangalia mimi:

"Ila Watanzania msijisumbue. Besi yake mtaipiga kama mnatoa sadaka."

Ukumbi ukacheka. Nikasimama nikasema nitaupiga mwenyewe, mimi, baba wa bibi harusi. Na kwa kuwa nilikuwa tayari nimesimama, nikatoa na hoja ya pili. Watu wa Nakonde walikuwa wamefika kikaoni wakati wanaoutaka wenyewe, kwa hiyo nikapendekeza faini: kila mchelewaji alipe kwacha moja kwa kila dakika, bila kusikiliza sababu. Mmoja akauliza je mtu akiumwa. Nikasema aumwe mapema. Hoja ikapita. Binti yangu, ambaye ndiye alikuwa katibu, akaiandika kama nilivyoisema.

Tulipotoka nje hakuwa anacheka. Binti yangu amesoma mpaka chuo kikuu, nimemsomesha mimi, kwa spea.

"Baba, naomba tukodi mtu," alisema. "Kuna mwalimu wa muziki Mbeya. Siku hiyo wewe ukae tu mbele, kama baba za wenzangu."

"Baba za wenzako wanakaa kwa sababu hakuna wanachojua kufanya."

Akafunga daftari lake, na nikaelewa anachoogopa si wimbo. Anaogopa nisimame mbele ya marafiki zake wasomi nikosee, halafu wote wageuke wamtazame yeye. Jambo hilo liliniuma kuliko utani wa mchimbaji. Tukakubaliana hivi: Jumamosi ya wiki ya tatu, kikaoni, mwalimu atapiga na mimi nitapiga, kamati itaamua. Nikishindwa, nitakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na ua kifuani, kama maiti.

Nikautafuta wimbo nikauweka kwenye simu. Siku ya kwanza nilidhani nimeumaliza. Siku ya pili nikagundua sijauanza.

Besi ile haikai. Besi ya kwaya zetu za Mbozi ni kama mtu anayelima matuta: jembe linashuka palepale, tuta kwa tuta, mpaka mwisho wa shamba. Rumba nayo ina ukorofi wake, lakini ukishaijua haikutoroki. Hii ya wachimbaji inasubiri ngoma ipite ndipo ianze, inashuka ngazi mbili, inateleza kwenye ya tatu, halafu inanyamaza palepale unapotegemea ipige. Ukiirudia mara tatu unasema sasa nimeishika. Mara ya nne inapita njia nyingine. Inasikika kama mtu aliyelewa, lakini jaribu kumsukuma uone kama ataanguka.

Mimi nilikuwa nawahi. Ndiyo kosa lenyewe, na nililijua. Maisha yangu yote nimekula kwa kuwahi: kuwahi geti, kuwahi mteja, kuwahi kontena. Kidole changu hakijui kusubiri. Nilifanya mazoezi dukani nyuma ya rundo la springi za matela mpaka wateja wakaanza kuulizia kama nimepata msiba. Mke wangu alinihamishia stoo. Saa yangu ya mkononi ilikuwa na mkanda wa chuma uliogonga nyuzi, nikaivua nikaitia kwenye droo ya meza. Ngozi ya vidole ilichubuka, ikaota mpya. Kuna mtu alinishauri nilipie mafunzo. Nikamwambia sijawahi kulipia kitu ninachoweza kujifunza bure, na sitaanza na miaka hamsini na mbili.

Jumamosi ikafika. Kikao kilikuwa saa tisa ya Nakonde, ambayo ni saa kumi yetu. Hilo analijua hata mbuzi wa Tunduma: wenzetu wako nyuma kwa saa moja. Nikakaa dukani na gitaa langu na spika yangu, natazama simu, nasubiri saa kumi. Ilipobaki kidogo nikafunga milango mitatu, nikavuka. Geti halikunichelewesha, wananijua. Lori moja lilikuwa limeziba njia upande wa pili, likanila dakika tatu hivi. Nikaingia ukumbini nikiwa nimenyooka.

Wote walikuwa wameshakaa. Mwalimu wa Mbeya alikuwa anafunga mkoba wa gitaa lake.

Niliuliza mbona wameanza mapema. Mzazi mwenzangu alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Saa kumi na dakika tatu. Saa kumi ya Nakonde. Nikaitoa simu yangu, nayo ilisema vilevile, na hapo ndipo nilipoelewa. Simu ilikuwa imedaka mnara wa Zambia tangu nikiwa dukani, ikajigeuzia majira yenyewe. Nilikuwa nasubiri saa kumi yetu kwenye saa ya kwao. Miaka thelathini na ushei nimeishi hapa mpakani, nawacheka wageni wanaokosa mabasi kwa kosa hilohilo. Saa yangu ya mkono, isiyodanganywa na mnara wowote, ilikuwa kwenye droo ya meza.

Mwalimu alikuwa ameshapiga. Niliambiwa alipiga bila kukosea, akifuata karatasi. Nikamuuliza mzazi mwenzangu ilikuwaje, akasema vizuri, jinsi mtu anavyosema vizuri kuhusu uji wa hospitali.

Nikachomeka spika. Mpiga ngoma alikuwa fundi wa matairi wa palepale Nakonde, mtu mzima, mnene, asiyekuwa na haraka na kitu. Tukaanza. Nikawahi. Tukasimama, tukaanza tena, nikawahi tena, vibaya zaidi, kwa sababu hasira nazo zinawahi. Nikamwona binti yangu anatazama sakafu. Nilijua anachotafuta pale sakafuni: maneno ya kuniambia yasiyoniumiza. Sikutaka kuyasikia.

Mpiga ngoma akalaza vijiti vyake juu ya goti.

"Ba tata," aliniambia, kama wanavyomwita baba wa mtu upande ule, "saa nzima umeweza kuchelewa. Nukta moja inakushinda?"

Walicheka mpaka wengine wakashika meza. Mwalimu wa Mbeya alijaribu kujizuia, akashindwa. Mzazi mwenzangu alifuta macho kwa kofia. Nilibaki nimesimama na gitaa langu, nimeshachelewa, nimeshachekwa, hakuna kilichobaki cha kuwahi.

Nikamwambia apige.

Akapiga. Nikaiacha ngoma ipite. Nikaiona inapita, kama unavyoona basi limeondoka na wewe umesimama na mzigo, na mara hii sikulikimbilia. Kidole kikashuka nyuma yake, ngazi mbili, kikateleza kwenye ya tatu, kikanyamaza. Ule ukimya uliokuwa ukinitia kiwewe stoo nikaukuta una nafasi, mtu anaweza kukaa ndani. Mara ya nne ilipofika sikukumbuka ni ya nne. Mkono ulipita ile njia nyingine wenyewe. Mpiga ngoma alitikisa kichwa mara moja, bila kunitazama.

Tulipomaliza, mzazi mwenzangu hakupiga makofi. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho, na kiatu chake cha kulia kilikuwa bado kinagonga sakafu ingawa wimbo umeisha. Baadaye akasema neno moja:

"Rudia."

Nikarudia. Na niliporudia nilitazama upande wa binti yangu. Hakuwa anatazama sakafu. Alimwinamia mwalimu wa Mbeya, akamwomba radhi kwa usumbufu, akafungua daftari, akaandika huku akitamka kwa sauti ili kamati isikie: "Besi, baba wa bibi harusi."

Sikusubiri kupigiwa kura. Nilianza kukunja waya wa spika, nikisema kwa sauti kwamba nilisema, si nilisema, darasa la nne la Iyula. Hapo binti yangu akarudisha kurasa nyuma, akaweka kidole kwenye mstari.

"Bado faini, baba."

Nikamweleza habari za mnara. Nikamweleza kwamba hata mwanasheria angenitetea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza watu wazima, kisha akanisomea kanuni yangu mwenyewe, pamoja na yale maneno ya mgonjwa kuumwa mapema, ambayo sikujua kama aliyaandika.

Harusini nilipiga nimesimama. Kile kiti chenye kitambaa cheupe kilibaki kitupu, ua likiwa juu yake. Na mtu akikwambia kwamba besi ile nilifundishwa, au nilikodi mwalimu, mwambie aje dukani nimwonyeshe risiti ya malipo yangu pekee, kwa maana binti yangu aliniandikia na nimeibandika ukutani: kwacha sitini na tatu.