Bastola ya marehemu baba iligawiwa pamoja na mkuki na kigoda. Sasa namiliki ya kwangu, na haya ndiyo niliyojifunza

Wakuu, za mchana. Wakubwa shikamooni.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu kwa sababu ya hasira. Leo nauacha. Ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi, na pale nilipokosea mimi nitasema nimekosea.

Nimeanza kwa sababu kila nikiingia humu nakuta mtu anauliza rivolva ndogo ipi nzuri, halafu kundi la wanaume wanajibu kwa uzoefu wa movie. Mimi nimeshika mbili. Ya kwanza ya marehemu baba, ya pili ni yangu, leseni ina jina langu. Nitawalinganishia, ila mtanivumilia nianze na ya baba.

Mimi ni binti wa miaka 28, form four, naishi Zuzu na mwanangu wa kike ana miaka minne. Baba yake hayupo, tusimjadili.

Kazi yangu ni mbuzi. Nanunua minadani, Bahi na kwingine, nauza mjini. Kazi hii nimerithi kwa baba. Tulizunguka naye minada nikiwa bado nina sare za shule kwenye begi. Mnunuzi wa mifugo anatembea na cash, na kila mtu mnadani anajua kwamba anatembea na cash. Ndiyo maana baba alikuwa na bastola, kihalali kabisa, na kitabu chake cha leseni.

Ilikuwa rivolva fupi, mtutu wa vidole vitatu hivi. Finish yake blued, ile nyeusi inayoelekea bluu. Kwenye mdomo wa mtutu rangi ilikuwa imeliwa na mfuko wa ngozi, chuma kimebaki cheupe. Mpini wa mbao, umemeguka kidogo upande mmoja. Silinda ina matundu sita.

Baba alinifundisha kuifuta kabla hajaniruhusu kuishika. Na alikuwa na mazoea yake: matundu sita, anaweka risasi tano. Tundu lililo chini ya nyundo analiacha tupu. Alisema amefundishwa hivyo na mzee mmoja wa zamani, ikidondoka isije ikalia. Ukoo mzima ulijua hilo, maana alikuwa analisema kwa majivuno: "Mimi ni mtu wa tano."

Baba alifariki mwaka jana baada ya kuumwa kama miezi miwili.

Siku ya kuondoa matanga wazee walikaa kugawa vitu vyake, kama ilivyo desturi. Mkeka ukatandikwa. Mkuki, fimbo, kigoda, koti lake la baridi. Na bastola ikiwa kwenye mfuko wake, imelazwa pale katikati ya fimbo na kigoda kama vile nayo ilichongwa na babu.

Mkuki ukaenda kwa binamu. Bastola ikaenda kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Baba mdogo, ile leseni ni ya jina la baba. Akifa mwenyewe, silaha inarudishwa polisi. Anayeitaka anaomba upya."

Baba mdogo akasema, "Yaani udongo wa kaburi haujakauka, wewe ushatuitia polisi?"

Watu wakacheka. Msibani, wakacheka.

Shangazi akamalizia, "Kaa chini mwanangu. Ungekuwa dume tungekupa na mishale."

Nikakaa. Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Nilikuwa najua, nikakaa chini. Nilijiambia nitapigania nini na kaburi bado bichi, wacha wazee. Na kesho yake nikaendelea kumwacha mwanangu kwa huyo huyo baba mdogo kila siku ya mnada, kwa sababu mkewe, mama mdogo, anampenda na hana mtoto mdogo mwingine pale.

Sikuuliza hata siku moja kitu kile kimewekwa wapi.

Kilikuwa kimewekwa kwenye kihenge.

Kwa msiojua, kihenge ni lile ghala la kusukwa tunaloweka nafaka. Baba mdogo aliizungushia kitambaa akaizika ndani ya uwele, maana kwa akili yake mwizi hawezi kuchimbua uwele. Mwizi hawezi. Ila uwele unaliwa! Kila asubuhi mama mdogo anachota, na kila siku unashuka.

Siku moja nilirudi kutoka Bahi kama saa tisa mchana. Nikaingia uani kwa baba mdogo. Mwanangu amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, miguu ameinyoosha. Bastola iko mapajani. Anaifuta na pindo la gauni lake.

Nikamsikia anaimba. Alikuwa anajiimbia.

Sikupiga kelele. Sijui nilipata wapi akili hiyo. Nilichuchumaa mbali kidogo nikasema, "Mama, unafanya nini?"

"Nafuta ya babu. Ina uchafu."

"Hebu nami nione."

Akaninyooshea. Mtutu ukiwa umeelekea hapa, katikati ya matiti yangu, na kidole chake kimepita ndani ya kile kikuku cha triga. Nilishika silinda kwanza nikaibana kwa nguvu isizunguke, ndipo nikatoa kidole chake. Taratibu, kama mtu anayemvua mtoto pete.

Nikafungua silinda. Punje za uwele zikamwagika. Matundu matano matupu.

La sita lina risasi.

Najua kuna mtaalamu humu ameshaanza kuandika kwamba triga ya rivolva ni nzito, mtoto wa miaka minne hawezi. Mtaalamu, nyundo inavutwa nyuma kwa vidole gumba viwili. Ikishavutwa, triga inakuwa nyepesi kama swichi ya taa. Kaa kimya.

Mama mdogo alikuwa nyuma anatwanga. Alipoona nilichoshika akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Kumbe asubuhi alichota uwele akakuta kifurushi, akadhani ni dawa za mzee, akaogopa kukifungua. Akakiweka pembeni, juu ya kinu cha zamani. Basi.

Baba mdogo akaja. Nikamwonyesha risasi kwenye kiganja.

"Haiwezekani," akasema. "Nilizitoa zote."

"Ulitoa ngapi?"

"Tano. Kaka alikuwa mtu wa tano, nani asiyejua?"

"Baba mdogo, ina matundu mangapi?"

Akaichukua? Hapana, sikumpa. Nilimshikia aangalie. Akahesabu kwa kidole, kama anayehesabu mbuzi langoni. Alipofika sita akarudia kuhesabu.

Wakuu, yule mzee alichomoa risasi moja moja kwa kucha, akafika tano, akafunga. Hakuangalia. Alimwamini marehemu kuliko macho yake.

Na kwa nini baba aliweka sita, mtu wa tano maisha yake yote? Hadi leo sijui. Labda ule ugonjwa ulimchanganya. Labda aliogopa kitu. Hakuna wa kumuuliza.

Nikampigia mwenyekiti wa mtaa, nikamwambia aje na askari, kuna silaha ya marehemu nyumbani na haina mwenyewe kisheria. Sikuibeba mwenyewe kwenda nayo barabarani, maana nami sikuwa na leseni. Nikaifungia kwenye sanduku la bati la marehemu baba lililokuwa pale, ile risasi nikaifunga kwenye kitambaa mbali nayo, halafu nikalikalia lile sanduku na mwanangu mgongoni.

Baba mdogo akasimama mbele yangu. "Unataka kunifunga?"

"Nataka iondoke."

"Niachie usiku wa leo tu, tuongee na wazee."

"Wazee walishaongea."

Simu zikaanza. Shangazi: "Unamuuza baba yako mdogo kwa chuma?" Nikamwambia shangazi, mjukuu wako yuko mgongoni kwangu na bado anapumua, ukitaka njoo umsalimie. Akakata.

Nilikaa pale zaidi ya saa mbili. Mama mdogo ndiye pekee aliyenisogelea. Aliniletea maji, akakaa karibu yangu juu ya lile sanduku. Nilimshukuru sana kwa hilo na sijawahi kumwambia.

Askari walikuja, wakaichukua, wakaandika. Baba mdogo alikwenda kutoa maelezo na usiku alirudi akiwa mdogo kuliko alivyoondoka. Afande mmoja wa makamo alituambia wote kwa pamoja: "Hii kitu hairithiwi kama kigoda. Mngeileta siku ya kwanza tungewapa pole na karatasi." Mengine ni ya ukoo, nayaacha.

Sasa ya kwangu.

Mtauliza baada ya hayo nilitaka silaha ya nini. Nilitaka kwa sababu ile ile ya baba: minada haijaacha kuwa minada. Kilichonitia hasira ni namna ilivyotunzwa. Nikaandika barua, nikaanzia mtaani, nikapanda hatua zote. Kwenye kikao cha kata mzee mmoja akauliza, "Mume wako anasemaje?" Nikajibu, "Simwombei leseni, najiombea mimi." Mwingine akauliza utaiweka wapi. Hilo ndilo swali pekee la maana lililoulizwa siku ile, na nilikuwa nimejiandaa: kasiki ndogo ya chuma imepigwa bolti ukutani, namba ninazo mimi peke yangu.

Dukani muuzaji akanitolea yenye mpini wa pinki. "Hii dada inakupendeza." Nikamwambia sijaja kununua hereni.

Nililinganisha hivi. Blued ni nzuri machoni, ila mtu wa kazi yangu anatoka jasho na vumbi la huku halina huruma. Ukisahau kuifuta wiki moja, kutu. Ya baba ilipona kwa sababu baba hakusahau. Mimi nimechukua stainless, chuma cheupe kisichong'aa sana. Nayo inafutwa, msidanganyike, ila inasamehe.

Mpini wa mbao ni laini, haukamati nguo ukichomoa. Wa raba unakamata koti, lakini mkono ukilowa jasho hautelezi, na kwenye mafunzo nilipofyatua niliona tofauti. Hizi ndogo zinapiga mkono vibaya sana. Kuna moja nyepesi mno niliijaribu, kiganja kiliuma siku mbili. Wepesi unautaka kiunoni, si kiganjani. Nikachukua raba.

Silinda: ya sita ni nene, inatuna kiunoni, mnadani kila mtu anaona umebeba nini. Ya tano ni nyembamba. Nimechukua ya tano, na ninapofungua naangalia kila tundu kwa macho na kwa kidole. Sihesabu kwa mazoea ya mtu, hata yangu.

Mwezi uliopita baba mdogo alikuja kwangu. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nikamwamkia, nikampikia chai. Mwanangu akamrukia. Akakaa akiiangalia kasiki.

"Nasikia umechukua nyeupe."

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Hebu niione tu. Niipime na ya kaka."

"Hapana, Baba mdogo."

Nilidhani ataondoka. Akavuta kikombe, akanywa, akasema, "Sawa," kisha akamuuliza mwanangu kama bado anajua kuhesabu. Akamhesabisha vidole vyake vya mkono, vyote, mpaka mwisho.

Somo langu ni fupi. Mzee mwenye leseni akifa, silaha inaondoka ndani kabla ugali wa msiba haujaiva. Usisubiri kikao. Ukijua jambo na watu wakakucheka, cheka nao ukipenda, ila usikae chini kama mimi.

Karibuni kwa maoni, matusi, maswali ya blued na stainless, yote nitajibu. Isipokuwa wewe unayesoma huku ukijua kuna bastola ya marehemu kwenye kabati, juu ya dari au kwenye nafaka. Usini-comment chochote. Simama sasa hivi mpigie mwenyekiti wako. Sisi tutakuwepo hapa ukirudi.